Kununua kwa Akili

Asubuhi na mapema, jua halijachomoza bado, watu wa makala huingia Lubumbashi. Wengine hutoka njia ya Kasenga, wengine njia ya Likasi, wengine njia ya Kipushi. Wana baiskeli, lakini wengi wao hawazipandi: huzisukuma tu, maana kila baiskeli imebeba magunia mawili au matatu, yamefungwa kwa kamba, na mwenye baiskeli haonekani nyuma ya mzigo wake. Mara nyingi mtu huyo amesafiri usiku kucha. Makala hayo ndiyo yatakayopika bukari na sombe za watu wa Katuba, wa Ruashi, wa Kampemba na wa mitaa mingine ya mji.

Mgeni hushangaa. Lubumbashi ni mji wa shaba. Wabelgiji waliuanzisha mwaka 1910 wakauita Elisabethville, na tangu mwaka 1966 unaitwa Lubumbashi. Kila mtoto wa mji analijua bomba refu la moshi, na mlima mweusi wa masalio ya shaba ulio kando yake. Shaba ya Katanga hufanya nyaya za umeme za dunia nzima. Katika mito ya Lufira na Lualaba kuna mabwawa yanayotoa umeme. Lakini nyumba nyingi za mji hazina umeme, na zile zenye umeme hukatiwa mara kwa mara. Kwa hiyo mama hupika kwa mbabula, kama bibi yake alivyopika.

Basi tumfuate mama mmoja mpaka soko la Kenya. (Kenya hii ni mtaa wa Lubumbashi, si ile nchi iliyo mbali upande wa mashariki.) Ana watoto watano. Mume wake hufanya kazi ya siku: leo anapata, kesho hapati. Mama ananunua unga meka moja, mafuta kidogo katika chupa, kipande cha sabuni, na mafungu matatu ya makala. Kesho atarudi kununua vilevile, na kesho kutwa vilevile.

Yule auzaye mafungu alinunua gunia zima, akaligawa. Ukiyakusanya mafungu yake yote na kuhesabu fedha zake, utaona kwamba zimepita bei ya gunia. Si mwizi: amekaa juani tangu asubuhi, naye ana watoto wake wa kulisha. Lakini hesabu ni ile ile. Mwenye fedha hununua gunia, na kila fungu kwake ni rahisi. Asiye na fedha hununua fungu, na makala yale yale kwake ni ghali. Hivyo maskini hulipa zaidi kuliko tajiri kwa kitu kimoja, naye hajui, kwa sababu hulipa kidogo kidogo.

Jambo hili lina dawa, tena dawa yake inauzwa sokoni. Kwanza inafaa kuelewa jinsi mbabula inavyofanya kazi.

Mbabula ya kawaida ni ya bati. Fundi huchukua bati kuukuu au pipa lililokwisha kazi, hulikunja, hulitoboa matundu, huweka miguu. Makala hukaa juu, majivu huanguka chini, hewa huingia kwa matundu. Ni kazi nzuri, na bei yake ni ndogo. Lakini bati ni jembamba, nalo hupitisha moto upesi sana. Mtoto akipitisha mkono kando ya mbabula inayowaka, pasipo kuigusa, atasikia joto kali. Joto hilo lilitoka katika makala ambayo mama aliyalipia, nalo halikwenda kwenye sufuria. Limekwenda kupasha hewa ya uani.

Katika nchi ya Kenya, baada ya mwaka 1980, mafundi na wataalamu walitafuta njia ya kulizuia joto hilo. Waliitazama mbabula moja ya nchi ya Thailand, yenye umbo la ndoo na udongo ndani. Wakabadili umbo lake, wakaijaribu, wakasikiliza maneno ya akina mama, wakaibadili tena. Mwishowe walipata jiko lenye kiuno chembamba, pana juu na pana chini, ili lisipinduke mama akisonga. Nje ni bati, ndani ni udongo uliofinyangwa na kuchomwa kama chungu, wenye matundu chini ya kupitisha hewa. Mafundi wa bati wa Nairobi, hasa wale wa Kamukunji, walijifunza kulitengeneza, na tangu hapo limeenea katika nchi nyingi za Afrika. Katika Kongo pia, kule Goma, karibu na hifadhi ya Virunga, mafundi hutengeneza mbabula za namna hiyo, kwa sababu makala ya Goma hukatwa hata katika msitu wa hifadhi.

Udongo haupitishi moto upesi kama bati. Hulishika joto na kulirudisha ndani, na makala hudumu zaidi. Waliopima wameona kwamba mbabula yenye udongo, ikitunzwa vizuri, hupunguza makala kwa theluthi moja, na pengine kwa nusu.

Sasa tufanye hesabu ya yule mama. Kwa mbabula ya bati anatumia mafungu 3 kila siku. Tuseme kwamba mbabula ya udongo itampunguzia theluthi moja tu: atatumia mafungu 2. Tuseme tena kwamba mbabula hiyo inapita ile ya bati kwa bei ya mafungu 20. Kila siku mama anaokoa fungu 1. Siku ya 20 fedha zake zimerudi zote. Mwaka una siku 365. Basi siku 345 zinazobaki, kila siku ana fungu moja ambalo hakulinunua. Fungu moja si kitu. Mafungu 345 ni ada ya shule. (Bei za sokoni hubadilika kila mwezi. Mtoto anayetaka kuijua hesabu ya kweli ya nyumba yao aende sokoni, aulize bei ya fungu na bei ya mbabula, achukue kalamu.)

Pengine mtu atasema: mbona akina mama hawanunui wote? Je, hawajui hesabu? Wanaijua sana. Mama wa Lubumbashi anayelisha watu saba kwa fedha za siku moja anaijua hesabu kuliko karani wa benki. Shida ni nyingine. Mbabula hiyo haiuzwi kwa mafungu. Inataka fedha zote siku moja, na siku hiyo mama hana. Akiziweka fedha kidogo kidogo nyumbani, mtoto anaugua, au shemeji anafika na shida yake, nazo zinakwisha.

Kwa ajili ya shida hiyo watu wa Kongo wana likelemba. Akina mama 10 wanaoaminiana, wa mtaa mmoja au wa meza za jirani sokoni, hupatana. Kila juma kila mmoja hutoa fedha sawa, na fungu lote la juma hilo huchukuliwa na mmoja wao. Juma lingine, mwingine, mpaka wote 10 wamepata. Hakuna faida inayoongezwa. Mtu anapata zile zile alizotoa, lakini anazipata pamoja, mkononi, siku moja, naye aweza kununua kitu kisichouzwa kwa mafungu: mbabula, gunia la unga, godoro. Likelemba haina karatasi nyingi wala mlinzi mlangoni. Ina aibu tu, maana atakayepokea kwanza kisha akakataa kutoa, atakutana na wenzake tisa kila asubuhi kisimani.

Mbabula ya udongo inataka kutunzwa. Asiyejua huizima kwa kumwaga maji, udongo ukapasuka, kisha husema kwamba mbabula hizo ni mbovu. Maji hayafai. Makala yaliyobaki huondolewa kwa koleo na kuzimwa penye mchanga, au katika chombo chenye kifuniko. Kesho yatawaka tena. Na majivu huondolewa kila siku, ili hewa ipite.

Liko jambo moja ambalo mbabula yo yote haiwezi kulizuia, iwe ya bati au ya udongo. Lubumbashi iko juu, karibu meta 1200 juu ya bahari, na usiku wa Juni na Julai una baridi kali. Watu huingiza mbabula chumbani wapate joto, hufunga mlango na dirisha, hulala. Makala yanayowaka pasipo hewa ya kutosha hutoa sumu isiyo na rangi wala harufu. Anayelala haisikii. Kichwa kinauma kidogo, mwili unalegea, naye hazinduki tena. Nyumba nzima, baba, mama na watoto, yaweza kufa usiku mmoja hivi, na majirani wakadhani ni uchawi. Mbabula ilale nje. Blanketi moja ni ghali kuliko mafungu machache ya makala, lakini haliui mtu.

Tena, kuhusu makala, kuna msitu. Mchomaji hukata miti, huipanga, huifunika majani na udongo, huitia moto, na miti huungua polepole siku nyingi pasipo hewa nyingi. Sehemu kubwa ya miti hupotea kwa moshi. Kilo moja ya makala hutaka kilo 5 hata 10 za mti. Wazee wanakumbuka msitu uliokuwa karibu na nyumba za mji. Leo wenye baiskeli hutoka mbali, na kila mwaka mbali zaidi. Katika msitu huo ndimo watu wanamopata masuku, na uyoga wakati wa mvua, na viwavi vya kula. Miti yake huchipua tena katika visiki, kama watu hawaikati tena upesi na moto wa kiangazi hauipiti kila mwaka. Lakini mti haukui kwa miaka miwili wala mitatu. Fungu moja lisilonunuliwa Katuba ni tawi linalobaki njia ya Kasenga.

Turudi kwa mama sokoni. Alinunua pia kipande cha sabuni, na kipande hicho ni kitu kikubwa kuliko kinavyoonekana.

Mwaka 1847, katika hospitali moja kubwa ya mji wa Vienna, akina mama wengi walikufa baada ya kuzaa. Mwezi wa Aprili walikufa 18 katika kila 100. Mganga mmoja kijana, Mhungari, jina lake Semmelweis, aliona kwamba waganga walitoka kuwapasua maiti wakaenda moja kwa moja kuwazalisha akina mama. Akawaamuru wanawe mikono kwanza kwa maji yenye dawa ya klorini. Mwezi wa Juni walikufa 2 tu katika 100. Wakati huo waganga wengi hawakujua kwamba vijidudu huleta magonjwa, na wakubwa wengi walimcheka. Yeye mwenyewe hakuweza kueleza vizuri kwa nini. Aliweza kuhesabu tu.

Leo tunajua. Vijidudu vya kuhara na vya kipindupindu hutoka chooni, hushika mikono, hupita kwenye bukari, na bukari huliwa kwa mkono. Maji peke yake hayaviondoi vyote, kwa sababu vimeshikwa na mafuta ya ngozi. Sabuni hulegeza mafuta, na maji huyachukua pamoja navyo. Mahali watu wanaponawa kwa sabuni baada ya choo na kabla ya kula, kuhara hupungua kwa theluthi moja hivi. Kipande kidogo kikiwekwa mahali pakavu, juu ya kibati chenye matundu, hudumu. Kikiachwa ndani ya maji huyeyuka kwa siku mbili, na hiyo ni fedha iliyomwagwa.

Na maji yenyewe? Bomba la Regideso halifiki kila nyumba, wala halitoi maji kila saa. Watoto huenda kisimani au kwa jirani mwenye bomba na bido la njano, lile lililoleta mafuta ya kupikia. Bido la lita 20 likijaa lina kilo 20 za maji. Mtoto wa darasa la tatu asilibebe peke yake. Watu hulidharau bido kwa sababu limeenea kila mahali, lakini linapita ndoo kwa jambo moja: mdomo wake ni mdogo. Mkono hauingii, kikombe hakiingii, kuku hanywi humo, na kifuniko kinafunga. Ndoo iliyo wazi, ingawa ilijazwa maji safi asubuhi, kufika jioni imetiwa vikombe vya watu wote wa nyumba, na mikono pamoja navyo. Kwa hiyo mwenye fedha za vyombo viwili anunue bido la maji ya kunywa, lenye kifuniko chake, na ndoo iwe ya kufulia. Bido huoshwa ndani kwa kutia mchanga safi na maji kidogo na kulitikisa kwa nguvu, kisha husuuzwa mpaka mchanga wote utoke. Bido lililobeba petroli au dawa ya shamba halifai kwa maji ya kunywa, hata likioshwa mara mia.

Maji ya kisima huchemshwa, au hutiwa dawa ya klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kikaratasi chake, na kuachwa nusu saa. Dawa hiyo ni ndugu wa ile ya Semmelweis. Kuchemsha hutaka makala, na hapa lile fungu lililookolewa na mbabula ya udongo linapata kazi nzuri.

Kitu cha mwisho hakimo katika kikapu cha mama, nacho pengine kinapita vyote: chandarua cha mbu. Mwaka 1897, kule India, mganga Mwingereza Ronald Ross aliona kijidudu cha malaria ndani ya mbu. Baada ya hapo ilijulikana kwamba malaria haitoki katika maembe mabichi wala katika mvua, bali mbu wa usiku huichukua kwa mgonjwa na kuipeleka kwa mzima. Kongo ni nchi ya pili duniani kwa wingi wa wagonjwa wa malaria. Ya kwanza ni Nigeria. Wengi wa wanaokufa ni watoto wasiofika miaka 5.

Je, chandarua kinasaidia kweli? Katika Tanzania, wilaya za Kilombero na Ulanga, tangu mwaka 1997 watu waliuziwa vyandarua na dawa yake kwa bei ndogo, kwa jina la Zuia Mbu. Viliuzwa madukani na vijijini kama sabuni au chumvi. Baada ya miaka michache watu walihesabu watoto. Kati ya wale waliolala ndani ya chandarua chenye dawa, vifo vilikuwa vimepungua kwa robo moja na zaidi kidogo.

Vyandarua vya sasa vina dawa ndani ya uzi wenyewe, nayo hudumu miaka mitatu hivi. Mbu akigusa aweza kufa, na hivyo hata jirani asiye na chandarua hupata nafuu. Katika Kongo serikali na wasaidizi wake hugawa vyandarua bure mara kwa mara, na mama mwenye mimba hupewa kimoja zahanati anapokwenda kupimwa. Anayekipata bure asikione si kitu kwa sababu hakukilipia. Kwenye Ziwa Tanganyika wako watu waliovifanya nyavu za kuvulia dagaa. Samaki wadogo huisha ziwani, na watoto huumwa na mbu nyumbani.

Kinapotolewa katika mfuko wake, chandarua huanikwa kivulini siku moja kabla ya kulaliwa. Hufuliwa polepole kwa sabuni ya kawaida, wala hakianikwi juani, maana jua huiharibu dawa. Kila jioni, kabla ya giza, pembe zake huingizwa chini ya mkeka au godoro pande zote. Tundu likitokea hushonwa siku hiyo hiyo. Mama wa watoto watano ana kazi nyingi jioni, na moto haujazimwa bado. Mtoto wa darasa la nne aweza kuifanya kazi hiyo ya pembe, akianza na mahali anapolala yule mdogo kuliko wote.